Vilivyovuka Kagera

Mimi nilipimia watu kahawa. Nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha ushirika huku Kyerwa, tangu enzi ambazo kahawa yetu ilikwenda chama kikuu cha KCU, Bukoba, hadi KDCU ilipoanzishwa mwaka 1990, nasi wa Karagwe, maana Kyerwa ilikuwa bado ndani yake, tukapata chama kikuu chetu. Ukikaa kwenye mizani muda mrefu unafahamu jambo ambalo daftari halilisemi: mzigo ulio mbele yako ni ule uliobaki. Mwenzake amekwisha kuvuka mto. Ndiyo sababu nikisikia wataalamu wanaeleza historia ya huku kwa tani zilizoingia maghalani, huwa nacheka kidogo.

Chukua ramani. Mto Kagera unatoka kusini ukitutenga na Rwanda, unafika pembe ya kaskazini-magharibi, unakata kona kuelekea mashariki, na kuanzia hapo ng'ambo ni Uganda. Watu wa kisiwa cha Ukerewe wamezungukwa na ziwa. Sisi tuna mto pande mbili, na upande uliobaki ulikuwa na barabara ambayo masika yakianza ndiyo yanaamua nani asafiri. Kwenda Bukoba kulihitaji kujiandaa. Lakini Murongo ukivuka mto tu, uko Kikagati, Uganda.

Vilima vyetu vina nyasi mgongoni na migomba chini yake. Zile nyasi ni rweya: malisho ya ng'ombe, nyasi za kuezekea msonge na za kutandika sakafuni. Udongo wa rweya ni mchovu, mgeni akipanda mgomba pale utamfia. Kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kinatengenezwa. Ng'ombe wanakula rweya mchana, wanalala nyumbani usiku, samadi inakwenda kwenye shina la mgomba. Nyasi zinakatwa na kutandazwa chini. Maganda na majivu ya jikoni nayo yanafuata. Rudia hivyo baba hadi mjukuu, ndipo upate kivuli kizito cha migomba na mibuni iliyochanganyika, maharage chini yake. Kwa hiyo ukiona kibanja cheusi chenye rutuba, jua unaona kazi ya watu waliokwisha kuzikwa humohumo.

Kibanja kilitoa ndizi, pombe ya rubisi, maharage na kahawa ya kutafuna. Chumvi hakikutoa. Bibi yangu alisimulia chumvi ya Katwe, ile ya ziwani kule Uganda, iliyopita Ankole mikononi mwa wachuuzi hadi ikavuka mto na kufika jikoni kwake. Alizaliwa ng'ambo, akaolewa huku, na hakuwahi kuhesabu kwamba amehama nchi.

Wageni wa mbali nao walitukuta tukiwa na biashara. Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange alikokaa mtawala Rumanyika, wakifuata pembe za ndovu. Novemba 1861 wakafika wasafiri wa Kizungu, Speke na Grant. Speke ndiye anayetajwa sana, lakini mimi nampenda zaidi Grant, Mskoti wa Nairn, kwa sababu yeye alilazimika kukaa. Mguu wake uliota kidonda kibaya; mwenzake akaondoka Januari 1862 kwenda Buganda, naye akabaki Karagwe hadi Aprili, akijaribiwa dawa za kila namna, akichora picha na kukusanya mimea. Alipoondoka alibebwa kwenye machela. Mtu anayelala miezi kadhaa kijijini huona mengi kuliko anayepita.

Waingereza walipotawala, Kyerwa ikajulikana kwa bati. Watu walichimba kwa sururu na sepetu, wakaosha mchanga kwa karai mtoni mpaka ukabaki ule mweusi mzito. Mzito kwelikweli: chupa ya soda ukiijaza huo mchanga inazidi kilo moja. Karani wa mizani hawezi kusahau kitu kama hicho. Na bidhaa ndogo yenye uzito na thamani kama hiyo, ukiiweka kando ya mpaka, unajua mwenyewe itaelekea wapi bei ya ng'ambo ikipanda.

Halafu zikaja shida za baada ya vita na Uganda vya 1978 na 1979. Mapigano makubwa yalikuwa Missenyi, lakini ukosefu ulitufikia wote: sabuni, sukari, nguo, mafuta ya taa. Kahawa ikavuka usiku, sabuni ikarudi alfajiri. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu wakazika bidhaa migombani. Serikali iliita magendo, na sheria ilikuwa sheria. Hata hivyo sijamwona mama aliyemfulia mtoto kwa hotuba.

Mwaka 1994 mto ulileta kisichosemeka. Kagera ilibeba maiti za mauaji ya kimbari kutoka Rwanda hadi Ziwa Victoria, na watu wakaacha kula samaki. Waliokuwa hai nao wakaja: kambi za wakimbizi zilifunguliwa Karagwe: Chabalisa, Omukariro, Kagenyi, na hapahapa Rubwera. Vilima vikajaa maturubai. Miti ilikwisha kwanza, kwa kuni. Kukawa na soko ambalo hatujawahi kuliona: ndizi zetu kwa mahindi na mafuta ya msaada. Mwenye kibanja alipata vibarua kwa ujira mdogo, akapanua shamba. Kibarua wa hapa aliyetegemea jembe lake akakosa kazi. Wizi ulikuwepo. Urafiki ulikuwepo pia, na ndoa. Desemba 1996 serikali ikaamuru wakimbizi warudi kwao kabla ya mwaka kwisha, wanajeshi wakasimamia. Maturubai yaliyosalia tuliyatumia kuanikia kahawa, na yalikausha vizuri kuliko majamvi.

Tangu 2012 Kyerwa ni wilaya, na Rubwera ndiyo makao yake makuu. Pembeni ya mto, lililokuwa pori la akiba la Ibanda limekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019. Watoto wa ofisini hawajui habari za kambi, wanauliza tu kwa nini mlima fulani una mikaratusi mitupu.

Mengi yamebadilika, lakini butura, ile ya kuuza kahawa kabla haijavunwa, haijafa. Mkulima anayedaiwa ada ya shule huuza kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, na mavuno yanamkuta hana lake. Imepigwa marufuku mara nyingi kwenye mikutano. Mimi nilipokuwa kwenye mizani nilimjua aliyeuza butura: alikuja na gunia la mwenzake, akasaini jina la mwenzake, na hakuuliza bei. Wenye kahawa yao wenyewe huuliza bei mbili, ya hapa na ya Uganda, na siku hizi ya Uganda wanakuwa wameshaipata kwa simu kabla ya kufunga gunia.