Waliobeba Ndio Waliopanga: Historia ya Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji

Njia ya kati ilianzia Bagamoyo kwenye mwambao wa Bahari ya Hindi, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Kwihara karibu na Tabora, na kuishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, na katika karne ya 19 karibu kila aliyeusafiri aliusafiri kwa miguu. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayoombewa hadhi ya Urithi wa Dunia, ikiitwa njia ya biashara ya utumwa na pembe za ndovu. Jina hilo lina ukweli wake: watumwa walipitishwa humo wamefungwa minyororo, na pembe zikateremshwa pwani bila kukoma. Hata hivyo limemwacha nje aliyeifanya njia ipitike, yaani mpagazi wa ujira, aliyejua maji yako wapi, chakula kinauzwa wapi na mtemi gani anadai nini.

Waliofungua njia hiyo walitoka bara. Wanyamwezi na Wasumbwa walikuwa wakibeba chumvi, majembe ya chuma na pembe kutoka soko hadi soko, na karibu na mwaka 1800 walikwisha kufika pwani. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipanda baadaye kwa kufuata nyayo zao, na kufikia miaka ya 1850 walikuwa na makazi Tabora na Ujiji. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, anasisitiza kwamba wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa wafanyakazi waliopatana mshahara, waliogoma walipodhulumiwa, na waliojitungia sheria za barabarani. Mwishoni mwa karne hiyo waliopita katika njia ya kati wanakadiriwa kufika 100,000 kwa mwaka.

Safari ilipangwa kabla ya mguu wa kwanza kuinuliwa. Mpagazi Mnyamwezi alipima msimu, asije akakosa kulima kwake. Mganga au mwalimu alipiga ramli kutafuta siku njema ya kutoka. Mizigo ilipimwa kwa frasila, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Fedha ya njia ilikuwa nguo, ushanga na waya. Merikani ilikuwa nguo nyeupe, kaniki ya rangi ya buluu iliyokolea. Shuka moja ilikuwa mikono minne, na shuka mbili zilifanya doti. Aliyepanga vibaya, akabeba ushanga wa rangi isiyopendwa huko aendako, alifika sokoni na mali isiyonunua hata kibaba cha mtama.

Kiongozi wa mwendo aliitwa kirangozi. Hakuteuliwa kwa cheo cha kuzaliwa. Alitakiwa awe amekwisha kuipita njia na kuijua lugha ya watu wa mbele, tena mwenye ulimi wa kupatana. Alivaa joho jekundu na ngozi ya mbega, na bendera ilikwenda naye. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, aliandika kwamba mtu yeyote aliyemtangulia kirangozi alitozwa faini, na mshale ulichomolewa katika podo lake uwe ushahidi jioni wakifika kambini. Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Aliyekwenda mbele peke yake angeweza kupotea, kutekwa, au kuanzisha ugomvi kijijini kabla mzee wa msafara hajafika kutoa salamu.

Jioni watu waligawanyika katika makundi madogo ya kupika na kula pamoja, na katika kundi hilo mgonjwa alipata wa kumtunza. Kambi zenyewe zilikuwa mali ya wote. Msafara ulioondoka uliacha vibanda vya majani na boma la miiba, na uliofuata ukavikuta tayari. Vijiji vya kando ya njia vililima zaidi ya haja yao, kwa kuwa vilijua kwamba kiangazi kitaleta wateja wenye njaa. Misafara iliyopishana ilisimama kupeana habari: kisima fulani kimekauka, mtemi fulani amekufa, huko mbele kuna vita. Kwa habari hizo njia ilirekebishwa kila siku na wale wale waliokuwa wakiitembea.

Sehemu mbili zilihitaji maarifa kuliko nyingine. Ugogoni maji yalikuwa machache na watemi wake walidai hongo, ushuru wa kupita. Mazungumzo ya hongo yangeweza kuchukua siku kadhaa, na mzungumzaji mzuri aliokoa doti nyingi. Baada ya Ugogo ilifuata Mgunda Mkali, pori kavu lililotisha hata wazoefu. Hapo ilitumika mbinu ya terekeza: msafara hupika na kunywa mchana penye maji, huondoka alasiri, hulala porini bila maji, kisha hudamka mapema na kuyafikia maji ya mbele kabla jua halijakolea. Mbinu hii ilivusha maelfu ya watu, na wasafiri wa Ulaya waliikuta tayari, wakaandika jina lake katika vitabu vyao.

Kutoka miaka ya 1850 walifuatana wasafiri wa Ulaya, akina Burton, Speke, Stanley na Cameron, na vitabu vyao vinajulikana. Huko Bagamoyo mfanyabiashara Sewa Haji alijenga utajiri wake kwa kuwatafutia wasafiri wapagazi na vifaa, kisha akatoa sehemu ya mali yake kwa hospitali. Lakini hakuna tukio linaloonyesha uwezo wa wapagazi kupanga safari yao kuliko lile la mwaka 1873, walipobaki bila bwana wa kuwaamuru.

Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, sasa ndani ya Zambia, mmisionari na msafiri Mskoti David Livingstone alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Watu wake walikaa baraza. Wawili walikuwa miongoni mwa wa zamani zaidi: Abdullah Susi wa Shupanga, kwenye Mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa mwaka 1861 kutoka msafara wa watumwa katika nyanda za Shire, kusini mwa Malawi ya leo. Wenzao waliwakabidhi uongozi. Jacob Wainwright, aliyesomea shule ya misheni huko Nasik, India, aliandika orodha ya mali ya marehemu. Kisha wakaamua jambo zito: mwili utapelekwa pwani, ili marehemu arejeshwe kwao.

Mwanzoni walimficha mtemi Chitambo habari ya kifo, wakiogopa kutozwa faini. Alipoijua hakukasirika. Alikuja na watu wake kuomboleza na akawapa ruhusa. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, alitoa moyo na matumbo, navyo vikazikwa chini ya mti. Mwili ulitiwa chumvi na kuanikwa juani kwa siku 14, ukigeuzwa mara moja kwa siku. Ulifungwa kwa nguo, miguu ikakunjwa magotini ili furushi lipungue urefu, likaviringwa katika gome la mti, likashonewa turubai na kufungwa kwenye mti wa kubebwa na watu wawili.

Njia waliichagua wenyewe. Waliugua njiani hadi wakalazimika kupumzika karibu mwezi mzima, wakavuka Mto Luapula, na penye kijiji cha Chawende wakapigana na wenyeji. Milima ya ukingo wa Tanganyika iliyowatesa mwaka uliotangulia waliikwepa, wakashika upande wa mashariki zaidi uliokuwa na mwendo mwepesi. Waliposikia kwamba kuna Waingereza Unyanyembe, nchi yenye Tabora na Kwihara, Wainwright aliandika barua, na Chuma akatangulia mbio kuipeleka. Alifika Kwihara mwezi Oktoba.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliwashauri wauzike mwili hapo hapo, kwa kuwa Ugogo ilikuwa hatari kwa wabeba maiti. Kwa cheo na kwa desturi za zama hizo, neno lake lilipaswa kuwa la mwisho. Chuma na Susi walikataa. Cameron alifungua masanduku ya marehemu na kuchukua vyombo vya kupimia alivyovihitaji, wao wasipende wala wasiweze kuzuia, lakini mwili hawakuuachia. Walikuwa wameutembeza miezi mitano, na waliijua hatari ya Ugogo kuliko yeye.

Hatari iliwakuta mapema zaidi, penye Kasekera, walipoambiwa kwamba maiti haipiti katika nchi ya watu. Wakapanga hila. Walitangaza kwamba wamekubali kurudi kuzika Unyanyembe. Usiku wakauvua mwili gome lake, wakaufunga upya uonekane robota la nguo kama mengine. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayaviringa kwa nguo mithili ya maiti, na watu sita wakayabeba mchana kweupe kurudi nyuma. Giza lilipoingia, wale sita walitupa mabua porini moja moja, wakatawanyika, na mmoja mmoja wakawafuata wenzao. Kijiji kilitulia, na robota likaendelea na safari.

Waliingia Bagamoyo mwezi Februari 1874, baada ya miezi tisa na mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600. Mwili ulipokewa katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, ukavushwa Unguja, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London. Wainwright ndiye aliyeusindikiza. Wengi wa wenzake walilipwa ujira wao na kuachishwa. Shirika la Jiografia la Uingereza liliwatengenezea medali, lakini zilipofika wengi walikwisha kutawanyika na hawakuzipata. Jiwe la kaburi linataja mikono mitiifu iliyouleta mwili. Majina ya wenye mikono hiyo halikuyataja.

Ujuzi wa Chuma na Susi haukuishia hapo. Chuma aliongoza misafara ya misheni ya Kianglikana, na mwaka 1879, kiongozi wa msafara mwingine, Keith Johnston, alipofariki huko Behobeho, Chuma ndiye aliyeushikilia msafara hadi kijana Joseph Thomson, aliyeshika nafasi ya Johnston, akafika Ziwa Nyasa na Tanganyika. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Susi aliajiriwa na Stanley katika Kongo, wakati kituo kilichokuja kuwa Kinshasa kilipoanzishwa, naye alifariki Unguja mwaka 1891.

Mwisho wa njia uliletwa na garimoshi. Reli ya kati ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mzigo wa frasila mbili ukapoteza soko. Wapagazi wengine waligeuka vibarua wa reli ile ile iliyowanyima kazi, na wengine wakachukuliwa kwa nguvu kubeba mizigo ya majeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Leo Ujiji ina kumbukumbu ya Livingstone kukutana na Stanley, na Kwihara ina nyumba ya makumbusho inayoitwa kwa jina la Livingstone. Vituo vinatunzwa kwa heshima ya wageni wawili watatu, na kirangozi hapewi heshima kama hiyo.

Upungufu huo unaigusa Malawi pia. Tawi la kusini la misafara lilitoka Kilwa, likavuka Ziwa Nyasa kwa majahazi na kufika Nkhotakota, mji wa watawala Waswahili walioitwa Jumbe, kaskazini-mashariki ya Lilongwe. Chuma naye alikombolewa katika nchi ambayo leo ni Malawi. Na njia ya kati haikukoma Ujiji: mizigo ilivuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, na Kiswahili kikavuka nayo, kikaota mizizi mashariki ya Kongo mpaka leo ni moja ya lugha nne za taifa huko. Kutoka pande hizo Kiswahili kimefika Dzaleka, wilaya ya Dowa nchini Malawi, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994. Anayekizungumza hapo, awe wa Uvira, Fizi au Bujumbura, anatumia lugha iliyosafirishwa bara na watu waliotembea na mzigo begani. Maneno safari, kambi, posho na mzigo yalikuwa maneno ya kazi yao.

Ombi la mwaka 2006 bado limo katika orodha ya awali. Kabla halijasonga mbele, kuna kazi isiyohitaji idhini ya yeyote nje ya Afrika Mashariki na Malawi: majina ya Chuma, Susi, Wainwright na Farijala yaandikwe kwenye vituo vya njia, na yafundishwe darasani, Bagamoyo, Tabora, Ujiji na Dzaleka. Walibeba, na wao ndio waliopanga.