Nyoka albino hutambulika kwa macho, si kwa weupe wa ngozi

Anayemwona nyoka wa rangi ya waridi akikatiza njia katika nyika kavu za Garsen aweza kudhani amekutana na albino. Yaelekea zaidi kuwa huyo ni swila mwekundu, ambaye hutema sumu. Swila huyo ana mkanda mpana mweusi kooni na macho meusi, ilhali albino halisi hana hata doa moja jeusi, na macho yake ni mekundu au ya waridi.

Ualbino husababishwa na ukosefu wa melanini, rangi iletayo weusi na hudhurungi mwilini, nao kwa kawaida hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Hata hivyo, ngozi ya nyoka ina chembe nyingine za manjano na nyekundu ambazo hazipotei. Kwa sababu hiyo chatu albino huwa na mabaka ya manjano juu ya weupe. Nyoka aliye mweupe mwili mzima lakini mwenye macho meusi au ya buluu si albino. Hiyo ni hali tofauti.

Ng'ambo, hasa Marekani, rangi hizi ni biashara kubwa. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule ajiviringishaye kama mpira akiogopa, alianza kuzalishwa akiwa albino huko mwaka 1992. Wanunuzi hupenda mpaka wa manjano na nyeupe uwe dhahiri, jambo linaloonekana vizuri zaidi kwa vifaranga. Si busara kuanzia hapo. Mtu aangalie kwanza iwapo nyoka anakula, anapumua bila mkoromo na ana uti ulionyooka, kisha amtengee mahali penye kivuli, kwani macho yasiyo na melanini huumizwa na mwanga mkali. Zipo hata rangi zilizorithishwa pamoja na maradhi: chatu wa aina iitwayo "buibui" hutikisika kichwa maisha yake yote.

Nchini Kenya, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumfuga mnyamapori bila kibali. Chatu aliyeokotwa kando ya Mto Tana baada ya mafuriko hawi mali ya aliyemwokota, awe na rangi yoyote ile.

Rangi imewahadaa hata wataalamu. Kwa miaka mingi swila mkubwa wa kahawia wa nyanda kavu za mashariki na kaskazini mwa Kenya alihesabiwa kuwa swila shingo-nyeusi aliyetofautiana rangi tu. Mwaka 2007 ndipo alipotangazwa kuwa spishi mpya, Naja ashei, kwa heshima ya James Ashe, mwanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken, Watamu. Mmoja wao alikamuliwa zaidi ya gramu 6 za sumu kwa mara moja. Sumu ya swila ikimwingia mtu machoni, aoshwe papo hapo kwa maji mengi, asisuguliwe, na apelekwe hospitalini.