Wageni Wawili wa Ankole: Wahindi wa Mbarara na Wanyarwanda wa Nakivale

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka mingi, na aghalabu tumeridhika kueleza kwamba inakataza uvivu. Ni mara chache tunamwuliza mwanafunzi swali lililojificha ndani yake: mgeni akishapewa jembe, analima shamba la nani? Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa kulinganisha hali za jamii mbili za wageni zilizoishi jirani katika nchi ya Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda. Jamii hizo ni Wahindi wa mji wa Mbarara na Wanyarwanda wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale.

Msafiri atokaye Mbarara kuelekea kusini hupita Masha, penye migomba pande zote za njia, akafika Isingiro, kisha akaingia njia ya vumbi iendayo ziwa Nakivale. Isingiro ilitengwa na Wilaya ya Mbarara katikati ya miaka ya 2000. Kabla ya hapo mwenye duka wa mjini na mkimbizi wa ziwani walikuwa chini ya wilaya moja, na chumvi aliyotia mmoja chunguni ilikuwa imepimwa katika mizani ya mwenzake. Hata hivyo hatujaona watu wengi wakiwaweka pamoja katika sentensi moja. Mmoja huhesabiwa katika historia ya biashara, na mwingine katika historia ya misiba.

Tuanze na Wahindi. Tunalitumia jina hilo kama litumikavyo mitaani, huku tukijua kwamba ndani yake wamo Wahindu wa Gujarati, Waismailia, Masingasinga, Wagoa, na hata watu ambao tangu 1947 nchi ya wazee wao huitwa Pakistani. Vitabu vya shule huwafanya wanafunzi waamini kwamba wote ni wajukuu wa vibarua wa reli. Sivyo. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, lakini wengi wao walirudi kwao, na waliobaki walikuwa 6,700 hivi. Wenye maduka kwa sehemu kubwa walikuja kwa nauli zao wenyewe, wakifuata ndugu waliotangulia, kwa njia ya Unguja na Mombasa. Mkubwa wao alikuwa Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, ambaye hadi kufa kwake mwaka 1916 alikuwa na matawi mengi ya maduka yaliyotapakaa katika Afrika ya Mashariki, na vijana wengi walijifunza kazi chini yake kabla ya kujitegemea.

Mbarara ilianza kama boma la Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na mnamo 1901 wakafunga mkataba na utawala wa Ankole. Palipo boma pana askari na makarani, na palipo askari na makarani hapana budi pawe na duka. Mwenye duka alinunua samli na ngozi, akauza nguo, sukari, mafuta ya taa na majembe. Mtaji wake mara nyingi ulikuwa deni: yeye alikopeshwa na mwenye jumla wa Kampala, na huyo wa Kampala alikopeshwa na tajiri wa Mombasa. Mke alikaa nyuma ya meza ya kuuzia, watoto walihesabu senti, na mshahara haukulipwa kwa mtu wa nyumbani. Huo ndio uliokuwa msingi wa ile faida ambayo jirani Mwafrika aliiona kama uchawi au wizi. Wala hatusemi kwamba wizi haukuwako. Malalamiko ya mizani iliyopunjwa na bei za kupangwa yalikuwa ya kweli mahali pengi.

Lakini sheria ya mkoloni ilimfunga Mhindi katika mji. Hakuruhusiwa kujinunulia ardhi ya Waafrika apendavyo, na biashara yake ilitakiwa ifanyike katika miji na vituo vilivyotangazwa na serikali. Alichoweza kupata ni kiwanja cha mjini kwa mkataba wa kukodi wa miaka mingi, na mkataba huo uliandikwa katika daftari la serikali. Msomaji alishike jambo hilo dogo, maana tutalirudia.

Wanyarwanda walikuja kwa njia nyingine. Hapa tena hatuna budi kutenganisha makundi. Wako wenye asili ya Rwanda waliokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tangu mipaka yenyewe ilipochorwa. Wako waliokuja kati ya vita vikuu viwili na baadaye kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa ya Buganda. Na wako waliokimbia mapinduzi yaliyoanza Rwanda Novemba 1959, wengi wao Watutsi, wengine wakiwa na ng'ombe na wengine mikono mitupu. Hao wa mwisho ndio waliojaza Nakivale, makazi ambayo mwaka wa kuanzishwa kwake hutajwa kuwa 1958, pamoja na jirani yake Oruchinga. Ardhi ile ilikuwa na wakazi wachache kwa sababu ya mbung'o.

Hapo methali yetu ilitimizwa neno kwa neno. Mkimbizi alipewa chakula cha muda, kisha jembe na kipande cha ardhi ya kulima. Kwa familia nyingi za wafugaji jembe lenyewe lilikuwa fedheha, kwa kuwa nyumbani Rwanda mkono wao ulizoea fimbo ya kuchungia. Walijifunza. Baada ya miaka michache walivuna mahindi na maharagwe, wakauza ziada, na fedha iliyopatikana ikaenda kwenye karo. Waliobahatika kuokoa ng'ombe walitoka makazini wakachunga miongoni mwa Wahima wa Ankole, ama kwa mifugo yao wenyewe ama kwa ujira wa uchungaji. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1960 iliwataka wakae mahali walipopangiwa na kuwapa maofisa mamlaka makubwa juu yao, lakini watu hawakai palepale kwa miaka ishirini.

Tukizilinganisha jamii hizi kwa fedha, hakuna mashindano. Hukadiriwa kwamba kabla ya 1972 Wahindi hawakuzidi mmoja katika watu mia wa Uganda, hali wakipata kama sehemu ya tano ya pato la nchi. Mkimbizi wa Nakivale alikuwa na gunia la mahindi. Lakini tukitazama namna walivyoishi na wenyeji, mambo hugeuka. Mhindi alikuwa na shule yake, mahali pake pa ibada, na lugha yake ya nyumbani ambayo jirani hakuielewa. Alikutana na Mnyankole juu ya meza ya duka, kwa Kiswahili kile kinachotuchekesha sisi walimu, kisichojali ngeli wala upatanisho. Tusikidharau sana, kwa maana wakulima wengi wa bara walikisikia Kiswahili kwanza ama kwa mwenye duka ama kwa askari, na huyo wa pili ndiye aliyekiharibia jina katika Uganda. Mnyarwanda, kwa upande wake, alisema lugha iliyo karibu na Runyankore. Mtoto wake aliweza kukaa darasa moja na watoto wa wenyeji na baada ya muhula mmoja asitambulike. Wengi walijipa majina ya Kinyankole, wakaoa, wakaolewa.

Hapo palikuwa na mtego. Mhindi alichukiwa kwa kuwa alionekana, na Mnyarwanda alishukiwa kwa kuwa haonekani.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke, na muda waliopewa ulikuwa siku tisini. Hata wenye uraia wa Uganda walitakiwa wapeleke karatasi zao zikaguliwe, na wengi walirudi mikono mitupu. Watu 50,000 hivi walitoka. Uingereza ilipokea zaidi ya nusu yao, ingawa baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko. Walikwenda hata hivyo, na leo Leicester haielezeki bila wao. Mji wa Mbarara nao haukupata utulivu. Septemba mwaka uleule ulishambuliwa na wafuasi wa Obote waliovuka kutoka Tanzania, na mwanzoni mwa 1979, katika vita vya Kagera, majengo mengi yalibomolewa na majeshi ya Tanzania. Maduka yalikuwa yamegawiwa watu ambao wananchi waliwaita mafutamingi, neno ambalo linastahili nafasi katika kamusi zetu. Bidhaa zilipokwisha kwenye rafu, biashara ikawa magendo.

Miaka kumi baadaye ilikuwa zamu ya wengine. Mwanzoni mwa Oktoba 1982, chini ya serikali ya pili ya Obote, viongozi wa chama tawala wa wilaya na vijana wao walipita vijijini katika Ankole wakiwafukuza Wanyarwanda. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu. Hawakuuliza nani ni mkimbizi, nani alizaliwa Uganda, nani ni mwananchi halisi aliyefanana na Mnyarwanda kwa umbo la pua. Watu kama 80,000 walihamishwa. Karibu nusu walikimbilia Rwanda, na wengine wengi walisukumwa kurudi Nakivale na makazi mengine. Wako waliokwama mpakani, Merama Hills, baada ya Rwanda kufunga mpaka, wakawa si wa huku wala si wa kule.

Tunapozilinganisha siku hizo mbili, 1972 na 1982, tunaona tofauti ambayo haikutokana na tabia ya Mhindi wala ya Mnyarwanda. Mhindi alifukuzwa nje ya nchi na Mnyarwanda alifukuzwa ndani yake. Lakini Mhindi aliacha nyuma yake jina katika daftari. Serikali ilizitia mali zile chini ya bodi maalumu ya utunzaji, na sheria ya 1982 ya mali zilizotaifishwa, ambayo ilipewa nguvu zaidi baada ya Museveni kushika madaraka mwaka 1986, iliwaruhusu wenyewe au warithi wao warudi kudai. Katika miaka ya 1990 walikuja, wengine wakiwa wazee kutoka Kanada na Uingereza, wakaonyesha karatasi. Hata pale ambapo jengo lilikuwa limeharibika vibaya, kiwanja kilikuwa bado na mwenyewe. Inashangaza kuona kwamba mwaka uleule wa 1982, nchi ileile ilitunga sheria ya kumrudishia mgeni mmoja mali yake na kuchoma nyumba ya mwingine.

Mnyarwanda hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Kipande cha Nakivale kilikuwa cha kutumia tu, na boma la ng'ombe vijijini lilisimama kwa hisani ya jirani. Moto ulipozimika hapakubaki cha kudai mahakamani. Vijana wengi walichagua kudai kwa njia nyingine. Walijiunga na jeshi la msituni la Museveni huko Luwero, na jeshi hilo lilipoiteka Kampala Januari 1986, hukadiriwa kwamba 3,000 kati ya askari wake 14,000 walikuwa wenye asili ya Rwanda. Fred Rwigyema na Paul Kagame walikuwa miongoni mwao. Ushindi haukuwapa ardhi. Tarehe 1 Oktoba 1990 walivuka mpaka wa Kagitumba kwa silaha kurudi nchi ambayo wengi wao waliijua kwa masimulizi ya wazazi. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wakimbizi wa 1959 na watoto wao walirejea Rwanda kwa wingi, na Nakivale ikapokea Wanyarwanda wengine, safari hii Wahutu.

Katiba ya Uganda ya 1995 imewagawa wageni wetu kwa namna ya ajabu. Nyongeza yake ya tatu inataja jamii zinazohesabiwa kuwa za asili ya Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926. Wanyarwanda wamo, Wahindi hawamo. Lakini kifungu cha 12, kinachompa haki ya kuandikishwa uraia mtu aliyezaliwa Uganda na kuishi humo mfululizo tangu Uhuru wa 1962, kinamwondoa yule ambaye mzazi wake au babu yake alikuwa mkimbizi. Kwa hiyo Mnyarwanda wa kabla ya 1926 ni mwananchi kwa maandishi, ingawa katika miaka ya karibuni wengi wamelalamika kunyimwa pasipoti na vitambulisho, hata baadhi yao wakapendekeza waitwe Abavandimwe ili jina la nchi jirani lisiwaponze. Mjukuu wa mkimbizi hana hata hilo la kulalamikia.

Leo Nakivale ina watu zaidi ya 100,000. Wakongomani ndio wengi, wakifuatwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Sokoni Kiswahili ndicho kinachouza na kununua, Kiswahili cha Kivu kikigombana na cha Bujumbura, na mwalimu wa lugha anaweza kukaa pale siku nzima bila kuchoka. Wasomali na Wakongomani wamefungua maduka ambayo yangemkumbusha mzee yeyote wa Mbarara zama za Wahindi: mkopo kutoka kwa jamaa wa mjini, mke kwenye meza, watoto wakihesabu chenji. Posho ya Shirika la Chakula Duniani ilipopunguzwa mwaka 2020, na tena 2021, maduka hayo ndiyo yaliyokopesha unga.

Sheria ya wakimbizi ya 2006 imewapa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, ruhusa ambayo wenzao wa 1960 hawakuwa nayo. Ardhi bado ni ya kutumia. Mwenye duka akiondoka huacha kuta alizojenga kwa matofali yake, na afisa wa makazi humpa mtu mwingine kiwanja. Anachobaki nacho mkononi ni kadi yenye jina lake, idadi ya watu wa nyumbani mwake, na nchi ambayo watoto wake waliozaliwa hapo hawajapata kuiona.