Jinsi bunduki ya Roosevelt ilivyoendelea kupata risasi

Theodore Roosevelt, Rais wa zamani wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kwa safari ya uwindaji, miongoni mwa silaha zake ilikuwemo bunduki ya Winchester 1895. Bunduki hiyo, iliyobuniwa na John Browning, ina wenzo karibu na kifyatulio. Mwindaji huusukuma chini na kuurudisha ili ganda tupu litoke na risasi mpya iingie.

Roosevelt aliipendelea hasa dhidi ya simba. Risasi zake za .405, zilizoanza kuuzwa 1904, zilikuwa na kichwa cha takriban gramu 19.

Baadaye katika karne ya 20, viwanda viliacha kuzitengeneza. Wamarekani waliomiliki bunduki hizo wakalazimika kujijazia maganda yaliyotumika. Fataki iliyolipuka hung'olewa kitakoni na ganda kurejeshwa kwenye kipimo chake. Kisha hutiwa fataki mpya na baruti iliyopimwa kwa mizani, na hatimaye kichwa hukandamizwa mdomoni.

Kazi hiyo haivumilii kubahatisha. Baruti hutofautiana kwa nguvu, na kipimo kikizidi bunduki kuukuu yaweza kupasuka mikononi mwa mwenyewe. Aidha, ganda linalojazwa mara kwa mara hurefuka na kuwa jembamba karibu na kitako. Lionyeshapo ufa hutupwa.

Risasi za kiwandani zilirejea sokoni Marekani mapema miaka ya 2000. Kenya, ambako Roosevelt aliwinda, ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977.