Mvumilivu Hula Mbivu? Historia Fupi ya Mwani wa Unguja



Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Katika makala hii tunataka kuipima methali hiyo kwa historia ya vijiji vya wavuvi vya mashariki ya Unguja, hasa Paje na Jambiani, tuone ni nani hasa aliyezila hizo mbivu. Nasi tunaoishi hapa Brussels tumo ndani ya historia hiyo, kama tutakavyoeleza.

Kwa vizazi vingi maisha ya vijiji hivyo yalifuata bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Wanaume walitoka kwa ngalawa, wakatega madema na kuvua kwa mishipi. Wanawake walisubiri maji yakipwa, wakachokoa pweza, wakaokota chaza, na wakafukia makumbi ya nazi ufukweni ili baadaye wasokote kamba. Kisha, katika miaka ya 1980, bei ya karafuu iliporomoka katika soko la dunia, kwani Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilianza kujitosheleza. Zanzibar nzima ikalazimika kutafuta zao jingine la kuleta fedha za kigeni.

Zao hilo lilikuwa baharini. Tangu miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akihimiza kilimo cha mwani. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mkulima hupigilia vigingi mchangani, hutandaza kamba na kuifunga vishada vya mwani, na baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Wanaume nao walijaribu, lakini wengi waliacha walipoona malipo hayalingani na jasho. Wanawake wakabaki. Kwa fedha hizo walilipa ada za watoto, wakanunua vyombo na mabati, na wengi wao kwa mara ya kwanza wakashika fedha zao wenyewe.

Sisi wahandisi tukisema kitu ni stahimilivu, tunamaanisha kwamba kikibanwa hurudi katika umbo lake. Jamii haifanyi hivyo. Vijiji hivi havikurudi vilivyokuwa, bali viligawa kazi upya, na mzigo mkubwa ukaangukia mabega ya akina mama.

Mzigo huo ukazidi. Aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei nzuri zaidi, ilianza kufa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu maji ya kina kifupi yalizidi kupata joto. Matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Iliyobaki kustawi ni spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani Zanzibar, ukiongozwa na Dkt. Flower Msuya. Wakulima wakajifunza kutengeneza sabuni ya mwani, na wengine wakajaribu kupanda kotonii kwenye maji ya kina kirefu yenye ubaridi. Lakini huko kunahitaji chombo na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Jambiani, baadhi yao wamegeukia ufugaji wa sifongo.

Sasa tuje Brussels. Ndugu msomaji, chukua kopo la krimu au maziwa ya chokoleti dukani, usome maandishi madogo. Mara nyingi utakuta E407. Hiyo ni karajinani, uteute unaotolewa kwenye mwani ili kufanya chakula kiwe kizito na kisijitenge. Mwani mkavu wa Zanzibar umekuwa ukiuzwa Ulaya, zikiwemo Denmark na Ufaransa, na huko ndiko viwanda huugeuza kuwa bidhaa ya thamani. Kwa muda mrefu kampuni zinazonunua ndizo zilizowapa wakulima kamba na vigingi, na ndizo zilizotaja bei. Anayekupa kamba ana uwezo wa kukufunga nayo.

Kwa hiyo uvumilivu ulikuwepo, tena wa zaidi ya miaka thelathini. Mbivu zimeliwa mbali. Mwaka 2020 serikali ya Zanzibar iliunda Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na usindikaji wa mwani nyumbani umekuwa miongoni mwa shabaha zake. Shabaha hiyo itapimwa kwa bei anayolipwa mama wa Jambiani kwa kilo moja.

Tuache basi kuwasifu watu wa pwani kwa ustahimilivu wao peke yake. Sifa haipandishi bei. Miongoni mwetu wapo waliosomea kemia, mitambo na biashara, na wanaoijua lugha ya masoko ya huku. Elimu hiyo inahitajika kule mwani unakoanikwa.