Kufuta Ndiko Kunakofichua: Kulijaribu Jedwali la Hashi kwa Majina ya Kata za Babati

Katika mijadala ya ufundishaji wa programu za kompyuta limezoeleka dai kwamba mwanafunzi hana haja ya kujiundia jedwali la hashi. Python inalo, Java inalo, na yote mawili ni kazi ya mabingwa. Kwa nini muda wa muhula upotee kwa kuunda kilichokwisha kuundwa? Sehemu ya dai hili ni kweli. Mfumo wa kusajili wagonjwa au wa kutunza hesabu za SACCOS haupaswi kutegemea jedwali lililoandikwa darasani. Ila wenye dai hilo wanachanganya mambo mawili: kuunda kitu ili kitumike, na kuunda kitu ili mtu ajifunze kukihoji. Makala haya yanashughulika na hilo la pili. Nashikilia kwamba jedwali la hashi ambalo halijajaribiwa kwa kufuta, tena kwa funguo zilizochaguliwa makusudi ili zigongane, halijajaribiwa, hata kama majaribio mia moja ya kuweka na kutafuta yamefaulu.

Kuhusu misingi hakuna ubishi. Hans Peter Luhn wa IBM aliliandika wazo la jedwali la hashi Januari 1953, naye W. Wesley Peterson alichambua mwaka 1957 njia ya kutunza funguo zote ndani ya safu moja. Donald Knuth akazipanga hesabu zake katika juzuu ya tatu ya The Art of Computer Programming mwaka 1973. Badala ya kupekua orodha nzima, kompyuta inaugeuza ufunguo kuwa namba, inaigawanya namba hiyo kwa idadi ya nafasi zilizopo, na baki ndilo anwani. Funguo mbili zikipata baki moja, zimegongana, na mojawapo lazima itafutiwe mahali pengine. Njia rahisi ni kusogea mbele nafasi moja moja hadi ipatikane iliyo wazi, na ukifika mwisho wa safu unarudi mwanzo.

Tuchukue majina ya kata nane za Mji wa Babati: Babati, Bagara, Bonga, Maisaka, Mutuka, Nangara, Sigino na Singe. Kila herufi tuipe namba yake, a ikiwa 1 na z ikiwa 26 kwa mpangilio wa herufi za kompyuta, tujumlishe, kisha tugawanye kwa 11, ambayo ni namba tasa. Mutuka ni 13+21+20+21+11+1, yaani 87, na baki lake ni 10. Singe inatoa 54, na baki lake ni 10 vilevile. Sita yaliyosalia hayagongani: Maisaka 0, Nangara 1, Babati 2, Bonga 6, Sigino 7, Bagara 8. Tukiyaingiza kwa mpangilio wa alfabeti, saba ya kwanza yanakaa kwenye nafasi zao halisi. Singe, la mwisho, linakuta 10 ina Mutuka, linarudi mwanzo na kukuta 0 ina Maisaka, 1 ina Nangara, 2 ina Babati, ndipo linapata 3. Hatua tano kwa jina moja. Ukitafuta jina lolote kati ya manane, linapatikana, na majaribio mengi ya darasani huishia hapo.

Sasa tufute Mutuka kwa namna inayomjia kila mtu kwanza, yaani kuiacha nafasi 10 tupu. Kisha tutafute Singe. Programu inaanzia 10, inaikuta tupu, inajibu kwamba jina halimo. Kumbe limo, palepale kwenye nafasi ya 3. Kilichokatika ni njia ya kulifikia. Programu haikugoma wala haikutoa onyo, na hilo ndilo linaloifanya hitilafu hii kuwa ya hatari: kata nzima imetoweka na hakuna anayejua. Kibaya zaidi ni kwamba hata anayekumbuka kujaribu ufutaji anaweza kudanganyika. Kati ya majina saba mengine, kufuta Mutuka, Maisaka, Nangara au Babati kunalipoteza Singe. Kufuta Bonga, Sigino au Bagara hakuligusi. Mwanafunzi aliyechagua Bonga kwa bahati atatangaza kwamba msimbo wake uko salama, naye ana ushahidi mkononi.

Watetezi wa majaribio ya nasibu, hasa wanaofuata njia ya QuickCheck ya Koen Claessen na John Hughes ya mwaka 2000, watajibu kwamba kompyuta izalishe funguo na vitendo kwa maelfu, hitilafu itajitokeza yenyewe. Nakubaliana nao kwa sharti. Ukiingiza majina kumi kwenye jedwali la nafasi 1,009, na kanuni ya hashi ikiyatawanya vizuri, uwezekano wa kutokea mgongano hata mmoja haufiki asilimia 5. Jaribio la namna hiyo linapita kwa sababu halikugusa kitu. Unasibu unafaa pale tu jedwali linapokuwa dogo na limejaa, na pale kila jibu linapolinganishwa na orodha ya kawaida iliyofanyiwa vitendo vilevile. Tena yapo mambo ambayo hesabu ya mkono inayapima kwa urahisi. Kwa kusogea nafasi moja moja, Peterson alionyesha kuwa wastani wa hatua za kutafuta funguo zilizomo hautegemei mpangilio wa kuziingiza. Anza na Singe, kisha Mutuka, Maisaka, Nangara na Babati: sasa manne yamesogezwa hatua moja moja, lakini jumla ya hatua za kuyatafuta majina yote manane ni 12 kama ilivyokuwa mwanzo. Msimbo unaotoa jumla tofauti una kasoro, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulithibitisha hilo kwa kalamu na karatasi.

Dawa inayofundishwa ni kuacha alama kwenye nafasi iliyofutwa, ili utafutaji uipite badala ya kusimama. Nayo haitoshi isipojaribiwa. Futa Mutuka, acha alama kwenye 10, kisha ingiza Singe tena. Msimbo wa haraka utaiona alama, utaweka Singe hapohapo, nalo litakuwamo mara mbili, 10 na 3. Ukilifuta, nakala ya 10 inaondoka, na utafutaji unaofuata unalikuta kwenye 3, hai kana kwamba halikufutwa. Uwekaji sahihi hauna budi kuendelea hadi nafasi tupu kabisa kabla ya kuitumia ile yenye alama. Knuth anaeleza njia nyingine, ya kurudisha nyuma yaliyosogezwa; hapa Singe lingehamia 10 na nafasi 3 ikabaki wazi. Naipendelea kwa jedwali dogo, japo ni rahisi kuikosea pale safu inaporudi mwanzo.

Itasemwa kwamba minyororo, yaani kila nafasi kuwa na orodha yake, inaliondoa tatizo la kufuta. Ni kweli, na hapo sina ubishi. Lakini haiondoi tatizo la funguo mbaya: lima, mali, mila, lami na imla zote zina jumla ya 35, hivyo zitarundikana kwenye mnyororo mmoja hata ukiwa na nafasi milioni. Na majedwali ya mabingwa? Mwaka 2003 Crosby na Wallach walionyesha kuwa funguo za kuchagua zinaweza kulilemea jedwali la Perl; Desemba 2011 Klink na Wälde wakaonyesha hivyo kwa PHP, Java, Python na nyinginezo. Funguo hizo hazikuhitaji uchawi. Zilihitaji mtu wa kukaa chini na kuzitafuta.

Kwa hiyo walimu wanaosahihisha kazi hizi wasitoe alama kamili kwa jedwali linaloweka na kutafuta tu. Wadai ukurasa wa hesabu ya mkono unaoonyesha funguo zilizogongana, ufutaji wa kila ufunguo mmoja mmoja ukifuatwa na utafutaji wa zote zilizobaki, na uwekaji upya baada ya kufuta. Kwa kata nane za Babati kazi hiyo ni ya kipindi kimoja.