Ratiba ya Dakota: Ndege za Zamani, Shirika la Kwenye Kompyuta na Historia Yetu ya Anga

Katika vitabu vingi vya historia tunavyosoma, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki huja na kuondoka ndani ya aya moja. Lilianza kazi Januari 1946 likiwa na ndege sita ndogo za Dragon Rapide. Lilikuwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Makao yake yalikuwa Nairobi. Likafa mwanzoni mwa 1977, miezi michache kabla ya Jumuiya yenyewe kuvunjika. Mwanafunzi hukariri, hufanya mtihani, husahau. Katika insha hii nataka kutetea njia ya kujifunza ambayo baadhi ya wahadhiri huiita mchezo wa watoto: kuzirusha tena ndege hizo, kwa ratiba, katika shirika la ndege la kwenye kompyuta.

Shirika la namna hii halimiliki ndege hata moja wala halimchukui abiria yeyote. Ni watu wenye programu ya kuigiza urubani, kama vile Microsoft Flight Simulator, X-Plane au FlightGear ambayo hutolewa bure, waliokubaliana kufuata utaratibu wa shirika la kweli. Safari zina namba na saa. Rubani huandika ametumia mafuta kiasi gani na ametua saa ngapi. Wengi duniani huigiza Boeing na Airbus za leo. Sisi, wanafunzi sita hapa Kampala, tulichagua zilizokufa. Tuna kompyuta tatu katika hosteli moja ya Kikoni, na umeme ambao hupenda kukatika ndege ikiwa juu ya ziwa. Hapo huandikwa daftarini "safari haikukamilika", basi.

Njia yetu kubwa ni Entebbe hadi Nairobi kwa DC-3, ile inayoitwa Dakota. Aina hii iliruka mara ya kwanza Desemba 1935, na baada ya vita ikawa punda wa mashirika mengi, likiwemo letu. Umbali ni kama kilomita 520. Jeti ya leo huumaliza kwa muda wa saa moja hivi; Dakota huhitaji takriban saa mbili. Huo ni ukweli ambao mtu angeweza kuupata kwa kugawanya tu, bila kompyuta. Kinachofundisha ni kurudia. Ukiruka mara moja umecheza. Ukiruka safari hiyohiyo kila wiki muhula mzima, ukitumia hali ya hewa halisi ya siku hiyo, unaanza kuuliza maswali ambayo nyaraka hazikukuuliza.

Mfano ni saa ya kuondoka. Tulipanga kwanza alfajiri, kwa kudhani kwamba asubuhi hewa ni tulivu. Lakini Ziwa Viktoria lina tabia yake: radi hujikusanya juu ya maji usiku, na mara nyingi hufika ufuo wa Entebbe kunapopambazuka. Tukasogeza safari hadi alasiri, tukakuta mawingu mazito yamejaa upande wa Kericho na Mau. Dakota haina uwezo wa kupanda juu ya mawingu hayo kama jeti, na chumba chake cha abiria hakikuzuiwa hewa, kwa hiyo kila mita unayopanda, abiria anazidi kupungukiwa na pumzi. Milima ya Mau inazidi mita 3,000. Chini unabanwa na mlima, juu unabanwa na mapafu ya watu. Nafasi inayobaki ni katikati ya asubuhi, na ni nyembamba kuliko nilivyowahi kufikiri. Tangu hapo nikisoma neno "ratiba" katika historia ya anga naliona kuwa ni mapatano kati ya binadamu na ziwa.

Ndipo tukio moja maarufu likapata maana mpya kwangu. Tarehe 6 Februari 1952, Mfalme George wa Sita alipofariki, binti yake Elizabeth alikuwa Kenya. Dakota ya Shirika la Afrika Mashariki ilimchukua kutoka Nanyuki hadi Entebbe, ambako ndege kubwa ya BOAC ilikuwa ikimngoja kumpeleka London. Akakaa uwanjani akisubiri, kwa sababu dhoruba ya radi ilikuwa imeziba njia. Malkia wa siku moja, na ziwa halikumjali.

Mwaka huohuo, tarehe 2 Mei, BOAC ilianzisha safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, Comet, kutoka London hadi Johannesburg. Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Sijui kwa nini jambo hili hatulifundishwi shuleni. Na kabla ya hapo tulikuwa na Port Bell, ambayo kizazi changu kinaijua kama jina la bia: tangu miaka ya 1930 ndege za kutua majini za Imperial Airways zilikuwa zikishuka pale, na BOAC iliendelea hadi 1950. Mwenzetu mmoja kutoka Jinja harushi kitu kingine ila hizo.

Hoja ya wahadhiri wanaotupinga haiko mbali na ukweli. Wanasema tunausafisha ukoloni. Kwenye kioo cha kompyuta Dakota inang'aa, haina harufu ya mafuta wala matapishi, na hakuna mchukuzi anayebeba mizigo ya watu asioruhusiwa kuketi nao. Programu haionyeshi nani aliweza kulipa nauli. Nakubali. Ndiyo maana daftari letu lina safu ambayo mashirika mengine ya aina hii hayana: kila safari huandikwa pia nani angekuwa ndani mwaka huo, na nani angekuwa chini akitazama juu.

Mgogoro wetu mkubwa, hata hivyo, ulihusu ndege iliyo karibu zaidi nasi. Kuanzia 1966 Shirika lilinunua Super VC10 tano, zikagawanywa usajili kati ya nchi tatu: 5Y za Kenya, 5H za Tanzania, 5X za Uganda. Moja yetu ilikuwa 5X-UVA. Tarehe 18 Aprili 1972, ikitokea Nairobi kwenda London, ilishindwa kupaa Addis Ababa. Watu 43 walikufa. Baadhi ya wenzangu walitaka iwemo kwenye ratiba, hata safari ile ya Addis ijaribiwe upya tuone kama rubani wetu angeweza kusimama. Nilikataa. Jamaa za waliokufa wapo hai, na kosa la ndege haliwi fumbo la kupitishia jioni. Tulipiga kura: nne kwa mbili. 5X-UVA inaonekana kwenye ratiba yetu hadi siku hiyo, kisha nafasi yake inaachwa tupu.

Zile nne zilizobaki zilirudi Uingereza baada ya 1977. Jeshi la anga la nchi hiyo lilizigeuza kuwa matangi ya kuzijazia mafuta ndege za kivita angani, nazo 5H-MMT na 5H-MOG ziliruka mpaka Septemba 2013. Hiyo ya pili ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa. Mali ya pamoja ya Afrika Mashariki iliishi miaka 36 zaidi kwa jina la mtu mwingine, wakati Uganda Airlines, iliyoundwa 1976, ilifilisiwa 2001 na kuanza upya 2019.

Sasa tunabishana kuhusu mwisho. Wawili wanataka shirika letu liendelee kana kwamba 1977 haikutokea, lipate ndege mpya, rangi zilezile, nchi saba au nane badala ya tatu. Mimi nashikilia kwamba ratiba ifungwe Januari 1977, Dakota na VC10 zikiwa zimeegeshwa. Kura itapigwa muhula ujao.